Aprili Mlango Ukifunguliwa: Mbwa, Kupe na Pumu katika Nyumba za Maine

Huku Maine, jimbo la kaskazini-mashariki mwa Marekani, majira ya kuchipua hayaanzi na maua, yanaanza na matope. Theluji huyeyuka juu wakati ardhi ya chini bado imeganda, maji yanakosa pa kuzama, na barabara za udongo zinageuka uji hadi katikati ya Aprili. Lakini kabla ya matope kuisha raha zimeshaanza. Mwezi wa Machi, usiku ukishuka chini ya nyuzi 0 za Selsiasi na mchana ukapanda juu yake, utomvu hutiririka katika miti ya maple. Jumapili ya nne ya mwezi huo wakulima hufungua vibanda vyao, watu wakaone unavyochemshwa: galoni 40 za utomvu kwa galoni moja ya sharubati, kwa kukadiria. Wiki chache baadaye vyura wadogo wanaanza kelele zao kwenye vidimbwi, na mtoto aliyezaliwa Uvira, Bujumbura au Kigoma, anayekulia Lewiston au Portland, anajua kwamba koti zito limebakiza siku za kuhesabu.

Kwa miezi mitano mlango ulikuwa ukifunguliwa haraka na kufungwa haraka. Sasa watoto, mbwa na paka wanaingia na kutoka kutwa, na karibu kila maradhi ya msimu huu huingia ndani kwa mlango huohuo: kwenye manyoya, kwenye soksi, chini ya viatu, kwenye nywele. Kazi ya nyumba katika Aprili, Mei na Juni ni kazi ya kizingitini.

Tuanze na kupe, maana ndiye anayedharauliwa kuliko wote. Aliyechunga ng'ombe nyumbani anamjua kupe anayeonekana kwa mbali, amejaa damu, amening'inia sikioni. Kupe wa huku mwenye miguu myeusi, ambaye wengi humwita kupe wa kulungu, ni mdogo zaidi. Aliyekomaa, kabla hajanyonya, yuko kama mbegu ya ufuta. Yule ambaye hajakomaa, nimfu, hazidi sana mbegu ya mchicha, na ndiye anayewaambukiza watu wengi kwa sababu hawamwoni. Waliokomaa huamka mara tu baridi inapopungua hadi nyuzi 4 hivi, ndiyo maana mbwa anaweza kurudi nao hata theluji ikiwa bado imelala kivulini. Nimfu huzidi Juni na Julai.

Kupe haruki wala hadondoki kutoka mtini. Hukaa kwenye majani makavu na kwenye nyasi za ukingoni, pale ua unapokutana na msitu, akapanda kwenye jani na kunyoosha miguu ya mbele akisubiri kitu chenye joto kipite. Kwa hiyo ondoa majani ya mwaka jana yaliyorundikana kandokando ya uzio, weka ukanda wa vipande vya mbao wenye upana wa mita moja kati ya nyasi na miti, na sogeza bembea za watoto katikati ya ua penye jua. Kupe hufa akikauka. Jua na ukavu ni adui zake.

Mtoto akitoka kucheza, nguo alizovaa zisitupwe kwenye kikapu chumbani. Ziende moja kwa moja kwenye mashine ya kukaushia, joto la juu kabisa, dakika 10, kabla hazijafuliwa. Watu hufanya kinyume: hufua kwanza kwa maji ya vuguvugu, kupe akaoga na kutoka mzima. Maji yanayomuua ni ya nyuzi 54 na kuendelea, na mashine nyingi za nyumba za kupanga hazifiki huko. Nguo zikiwa zimelowa, dakika 10 hazitoshi. Ziache hadi zikauke kabisa, kisha ziendelee kidogo. Mwenyewe aoge ndani ya saa mbili tangu aingie, akaguliwe: nyuma ya magoti, kinena, kwapa, kitovu, nyuma ya masikio, chini ya ukanda wa chupi. Kwa wasichana waliosukwa, pitisha ncha ya kidole polepole kwenye kila njia kati ya mistari, halafu nyuma ya shingo pale nywele zinapoishia. Macho peke yake hayatoshi kichwani. Kidole kinahisi kipele kigumu kabla jicho halijakiona.

Mbwa naye anakaguliwa kwa vidole, kinyume na mlalo wa manyoya: ndani ya masikio, kwenye kope, chini ya kola, kati ya vidole vya miguu, kinena na shina la mkia. Hapa kuna kosa linalorudiwa kila mwaka. Mtu anahisi kinundu tumboni, anakivuta kwa kibano, mbwa analia: ilikuwa chuchu. Mbwa dume naye anazo, zimepangwa mistari miwili. Usivute kitu ambacho hujakiona miguu.

Ukimpata kupe amejikita, chukua kibano chenye ncha nyembamba, kile kipana cha nyusi kinambinya tumbo. Mshike karibu kabisa na ngozi, kwenye mdomo, uvute kwenda juu taratibu kwa nguvu moja bila kuzungusha. Atashikilia sekunde kadhaa, kisha ataachia. Ngozi isuguliwe kwa sabuni na maji au spiriti. Mafuta ya taa, Vaseline, kiberiti na rangi ya kucha, dawa zote hizo za kina bibi, zinamkera kupe bila kumtoa, na kupe aliyekereka anaweza kutapika ndani ya kidonda yale tusiyoyataka. Kipande cha mdomo kikibaki usikichokonoe kwa sindano. Ngozi itakitoa yenyewe.

Usimponde kupe kwa kucha wala kumtupa. Mtie kwenye mfuko mdogo wa plastiki unaofungika, andika tarehe na mahali alipong'ata mwilini. Maabara ya kupe ya Chuo Kikuu cha Maine, iliyoko Orono, hupokea kupe kutoka kwa wakazi wa jimbo, hutambua aina yake na kupima vimelea kwa ada. Muhimu zaidi ni saa. Bakteria wa ugonjwa wa Lyme, ambao ulipewa jina la mji wa Connecticut ulikogundulika miaka ya 1970, kwa kawaida huhitaji kupe awe amenyonya damu zaidi ya saa 24 ndipo wapite. Kupe bapa aliyetolewa jioni ileile hatishi sana. Kupe aliyevimba ni habari nyingine: piga simu kwa daktari siku hiyohiyo, kwa sababu kuna dozi moja ya kinga ya antibiotiki iitwayo doxycycline, miligramu 200 kwa mtu mzima na kwa mtoto hupimwa kwa uzito, na inapaswa kutolewa ndani ya saa 72 baada ya kupe kutolewa.

Kisha kuna suala la ngozi yetu. Vipeperushi huonyesha alama ya Lyme kuwa duara jekundu lenye kitovu, kama shabaha ya kulenga, na karibu picha zote ni za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi alama hiyo mara nyingi huwa ni baka la kahawia au zambarau linalofanana na vilio la damu, lenye uvuguvugu kidogo, haliwashi sana wala haliumi sana. Hutokea kati ya siku 3 na 30 baada ya kung'atwa, na dalili yake kuu ni kutanuka. Chora mpaka wake kwa kalamu ya wino, andika tarehe pembeni, piga picha mchana karibu na dirisha. Kesho likivuka mstari, nenda na picha zako. Uking'atwa na nzi au mbu panavimba ndani ya saa chache na kunywea. Hili linakua siku baada ya siku hadi kupita sentimita 5. Tena usikubali kurudishwa nyumbani kwa sababu tu kipimo cha damu hakikuonyesha kitu: kingamwili huchukua wiki kadhaa kujitokeza, na katika wiki za mwanzo alama yenyewe pamoja na historia ya kuwa kwenye nyasi vinatosha kuanzisha matibabu. Wengine hawapati alama kabisa.

Kuna ugonjwa mwingine wa kupe huyohuyo, anaplasmosisi, usio na baka la kuonyesha. Unakuja na homa kali, baridi ya kutetemeka, kichwa kinachopasuka na mwili kuvunjika, yaani kwa mtu wa kwetu, malaria tupu. Mgonjwa anameza Tylenol, dawa ya kutuliza homa na maumivu, na kungoja. Homa ya Mei hadi Julai isiyo na kikohozi wala mafua ipelekwe hospitali, na maneno mawili yasemwe bila kusubiri kuulizwa: kwamba kuna mbwa au kazi ya bustani nyumbani, na kama kuna aliyetoka safari ya Afrika miezi ya karibuni. La pili ni kwa sababu malaria nayo inabaki kwenye orodha, na daktari wa huku hatoikumbuka mwenyewe.

Upande wa mbwa kuna dawa ya kutafuna ya mwezi au ya miezi mitatu, na kuna chanjo ya Lyme ya mbwa. Zote nzuri. Ila dawa ya kutafuna humuua kupe baada ya kumng'ata mbwa, haimfukuzi. Kupe aliyepanda manyoya na bado hajajikita anaweza kushuka kwenye kochi na kumpanda mtoto. Dawa inamlinda mbwa, haiwalindi wanaolala naye. Hapo nadhani bibi aliyekuja majuzi na kusema mnyama asipande kitandani ana hoja kuliko wajukuu wanavyotaka kukubali. Mbwa mwenye kifafa asipewe dawa hizo za kutafuna kabla daktari wa wanyama hajaambiwa, maana zinaweza kuamsha degedege. Dalili za Lyme kwa mbwa ni kuchechemea, leo mguu huu kesho ule, pamoja na kukataa chakula na kulala mno. Kipimo kimoja cha damu cha kila mwaka huangalia Lyme, anaplasmosisi na minyoo ya moyo inayoletwa na mbu. Matokeo chanya ya Lyme bila dalili si lazima yawe ugonjwa, kwa hiyo usishtuke kabla ya kuelezwa.

Nyumba nyingi za Waislamu wetu hazifugi mbwa ndani, zinafuga paka, na kwa paka kuna onyo moja ambalo halina mjadala. Dawa za matone za mbwa zenye permethrini, zile za kumwagia mgongoni, humuua paka. Ini lake haliwezi kuivunja. Anaanza kutetemeka masikio na ngozi, kisha mwili mzima, kisha degedege. Hatari haipo kwenye kumpaka yeye tu. Paka anayelala ubavuni mwa mbwa aliyepakwa asubuhi anaweza kudhurika. Usigawe dozi ya mbwa mkubwa nusu kwa nusu ili kuokoa pesa. Likishatokea, muoshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, mfunge taulo, kimbia kwa daktari. Permethrini hiyohiyo ya kupulizia suruali na viatu vya kazini inafaa sana dhidi ya kupe, lakini ipulizwe nje na iachwe ikauke kabisa kabla nguo haijaingia nyumba yenye paka.

Mwishoni mwa Mei linakuja jambo ambalo majimbo mengi hayalijui: viwavi vya nondo mkia-kahawia. Ni vya kahawia iliyoiva, vina mistari miwili myeupe iliyokatikakatika ubavuni na vidoa viwili vyekundu karibu na mkia. Vinywele vyake ni vidogo visivyoonekana, vina sumu, hupeperuka hewani na hubaki na makali ardhini kwa mwaka hadi mitatu. Vikigusa ngozi, upele wa kuwasha kama umepakwa upupu. Vikivutwa, kifua kinabana, na mwenye pumu anaweza kuishia hospitali. Viota vyake, vile vifuko vyeupe kwenye ncha za matawi ya mwaloni na mitofaa, hukatwa kabla ya katikati ya Aprili. Baada ya hapo ni kujihadhari: kata nyasi kukiwa na umande, rashia majani maji kabla ya kuyakusanya, usitumie mashine ya kupuliza, usianike nguo nje mwezi wa Juni. Mbwa akipita chini ya miti hiyo mwoshe kwa bomba la maji kabla hajaingia, maana yeye hawashwi sana, atakayewashwa ni anayemkumbatia.

Chavua, vumbi la maua ya miti na nyasi linaloleta aleji, inatangulia viwavi. Miti hutoa yake Aprili na Mei, nyasi zinafuata Juni. Jambo linalowashangaza wazazi ni kwamba mtoto alifika akiwa mzima, akapita majira mawili au matatu bila chochote, halafu mwaka wa nne macho yanavimba. Ndivyo mzio unavyofanya kazi: mwili lazima uzoeane na chavua ngeni kwanza ndipo uanze kuipinga, na wahamiaji hupata aleji zaidi kadiri miaka ya kuishi ugenini inavyoongezeka. Ni rahisi kuichanganya na mafua. Mafua huleta homa, kamasi zinazokuwa nzito, na huisha ndani ya siku 10. Aleji haina homa, kamasi ni maji, pua na macho vinawasha, na hali hurudi kila siku kavu yenye upepo na kutulia mvua ikinyesha.

Dawa ya kupulizia puani, kama fluticasone, watu huitupa siku ya tatu wakisema haifanyi kazi. Inahitaji siku kadhaa hadi wiki mbili kufika kilele chake, basi ianze mapema Aprili. Inamisha kichwa mbele kidogo, shika chupa kwa mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, na wa kushoto kwa tundu la kulia, ili ncha ielekee upande wa sikio. Ikielekezwa kwenye ukuta wa katikati, pua itatoka damu. Usivute kwa nguvu, dawa itashuka kooni. Kwa vidonge vya aleji, cetirizine au loratadine ni bora kuliko Benadryl, inayomfanya mtoto asinzie darasani. Madirisha yafungwe asubuhi siku kavu, nywele zioshwe au zifutwe kwa kitambaa chenye maji kabla ya kulala, na mbwa na paka wafutwe pia. Wakati mwingine mtoto anaambiwa ana mzio wa paka kumbe paka alikuwa anabeba chavua ya nje.

Kwa mtoto mwenye pumu, kinachoharibika zaidi ni namna ya kuvuta inhela. Bila spesa, ile chupa ya plastiki inayowekwa mbele, dawa nyingi huishia ulimini. Tikisa inhela, ichomeke kwenye spesa, mtoto atoe pumzi kwanza, afunge midomo vizuri, bonyeza mara moja tu, avute polepole na kushikilia pumzi hadi hesabu ya 10. Mdogo asiyeweza kushikilia avute na kutoa kwa kawaida mara 6 kupitia barakoa iliyobana uso. Subiri nusu dakika hadi dakika nzima, tikisa tena, ndipo bonyezo la pili. Wengi hubonyeza mara mbili kwa mpigo. Matone hugongana na kubaki ukutani mwa chupa. Spesa ioshwe kila wiki kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, iachwe ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa taulo unaipa umeme tuli, na dawa itanata humo. Inhela ya kinga inatumika hata siku ambazo mtoto anacheka na kukimbia. Baada yake asukutue mdomo, la sivyo utando mweupe utaota ulimini. Mbavu zikizama kila anapovuta pumzi, au akashindwa kumaliza sentensi, usingoje miadi, piga 911, namba ya dharura.

Pasaka na Idi vina hatari zao jikoni. Maua ya lili, yale meupe ya umbo la tarumbeta yanayouzwa kila duka Pasaka ikikaribia, ni sumu kwa paka kuanzia jani, chavua inayodondokea manyoya hadi maji ya chombo. Figo hufa ndani ya siku moja hadi tatu, na matibabu yenye faida ni ya saa za mwanzo, kabla paka hajaonekana mgonjwa. Mwenye paka asiyaingize ndani, basi. Mbwa usimpe mabaki ya pilau: kitunguu na kitunguu saumu huvunja chembe zake za damu, zabibu kavu hudhuru figo, na mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka vipande vikali. Chokoleti nyeusi ni mbaya kuliko ya maziwa. Sumu ikimpata mtoto, namba ya simu ni 1-800-222-1222, bure, na mkalimani wa Kiswahili anaweza kuombwa.

Bustani inabaki raha kubwa kuliko zote. Sukuma wiki inavumilia baridi, hivyo ioteshwe ndani mwishoni mwa Machi na ihamie nje mapema Mei. Mchicha ukipandwa kabla ya baridi ya mwisho utaoza au kudumaa. Subiri wiki ya mwisho ya Mei au mwanzo wa Juni, udongo uwe umepata joto. Tuta laini lililopandwa jana ndilo paka wa jirani alilokuwa akilitafuta, kwa hiyo litandazie wavu wa waya hadi miche ikue. Mama mjamzito avae glavu kwenye udongo na asishike kabisa sanduku la choo cha paka. Kama hakuna mwingine wa kulisafisha, alisafishe kila siku akiwa na glavu, kwa kuwa vimelea vya toksoplasma, vinavyotoka na kinyesi cha paka na vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni, huchukua siku moja hadi tano baada ya kutoka ndipo viweze kuambukiza.

Na kabla ya jembe, uliza umri wa nyumba. Rangi yenye madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu kwa watoto, ilipigwa marufuku katika nyumba za Marekani mwaka 1978, na nyumba nyingi za ghorofa za kupanga Lewiston na Portland ni kongwe kuliko hapo. Udongo ulio karibu na ukuta ndio wenye risasi nyingi, kwa sababu rangi imekuwa ikimenyeka na kudondokea hapo miaka yote. Chimba mbali na ukuta, au jenga sanduku la mbao lenye kina cha sentimita 30, ulijaze udongo wa kununua. Maabara ya udongo, nayo iko Orono, itapima sampuli yako. Ndani, vumbi baya zaidi liko kwenye reli za madirisha, na huamka siku ileile ya furaha ya kuyafungua kwa mara ya kwanza: fremu zinasuguana na kusaga rangi kuwa unga, mtoto anayetambaa anaulamba, na paka anayeota jua dirishani anaulamba pia akijisafisha. Futa reli hizo kwa kitambaa chenye maji na sabuni kabla ya kufungua, usizipige msasa wala kufagia kukavu. Sheria ya Maine inataka kila mtoto apimwe risasi kwenye damu akiwa na mwaka 1 na tena akiwa na miaka 2. Kliniki ikisahau, omba mwenyewe, na ukipewa namba ya 3.5 au zaidi (mikrogramu za risasi kwa desilita ya damu) uliza ni nani atakayekuja kukagua nyumba.